Tusi la Hangani, Tusi la Riwayani

Anayedai watu wa Pwani hawana midomo michafu hajakesha kwenye hanga, yaani matanga, la Wagiriama. Wanawake wakiingia na nyimbo za kifudu, viungo vya siri hutajwa na mambo ya kitandani husemwa wazi, wazee wamekaa papo hapo wanasikiliza. Waswahili nao walikuwa na vugo lao: arusini pembe za nyati zikigongwa, na wanawake wakiimbiana maneno ya kunyoosha masikio.

Kukicha, mwimbaji yule yule akimsikia mjukuu wake akitamka moja tu kati ya maneno hayo mbele ya wakwe, atamtandika. Hajipingi. Tusi lina saa yake na watu wake.

Riwaya haina bahati hiyo. Husomwa na yeyote popote: darasani Kaloleni, kwenye matatu ya Watamu, kando ya mama mzazi. Isitoshe, riwaya ya Kiswahili nchini Kenya hutegemea sana soko la shule, na kitabu cha shule sharti kipate idhini ya KICD, taasisi ya mitaala, basi mwandishi hujikata ulimi mapema. Tanzania ilikuwa vivyo hivyo. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, ilipigwa marufuku shuleni, na kosa lake kubwa halikuwa matusi. Ilisema waziwazi yanayompata msichana.

Wenzetu wa Kiingereza waliligombania neno lenyewe. Mwaka 1948 Norman Mailer alilazimika kupotosha tahajia ya tusi la wanajeshi wa riwaya yake. Mwaka 1960 mahakama ya London ikawaachilia Penguin waliochapa *Lady Chatterley's Lover*. Kufikia 1994, James Kelman alipewa tuzo ya Booker kwa riwaya iliyojaa matusi ya Glasgow. Kwa Kelman nakubali, maana mhusika wake hupumua hivyo. Siwakubali waandishi wetu vijana wanaotafsiri matusi ya sinema za Marekani. Hakuna mtu wa Ganze anayetukana vile.

Hebu tukae mangweni. Kijana wa bodaboda anamtupia mwenzake tusi la nguoni. Hakuna anayeinua uso kutoka kwenye mrija wa mnazi. Baadaye analirudia, neno lile lile, wakati mama mkwe wa huyo mwenzake anapita na ndoo ya maji. Mirija inaachwa. Aliyetukanwa anasimama.

Waandishi wengi wangelificha tusi la kwanza na kulianika la pili. Mimi ningefanya kinyume: la kwanza ni gumzo tu, liandikwe, la pili halihitaji kuandikwa, maana yule mama ameshalisikia.

Ila zile nukta tatu wanazozipenda wahariri wetu, "mwana wa...", sizitaki kabisa. Msomaji wa Kilifi huzijaza mwenyewe, tena kwa neno chafu kuliko alilokusudia mwandishi.