UZI: Kwodi, lami na kura. Nani ana haki ya barabara Diani?

1. Kila msimu wa siasa huku Pwani ya Kusini, kuna hoja inarudi kama maji kujaa: hizi pikipiki za magurudumu manne, zile tunaziita kwodi, zinaruhusiwa barabarani ama la? Upande mmja unasema waacheni vijana wa Ukunda na Galu wapate riziki, mtalii akitaka kuendesha aendeshe. Upande wa pili unasema vumbi, kelele na hatari ni za wanakijiji, pesa ni za wengine. Jukwaani hoja inaishia kwa makofi. Wacha tuifungue taratibu, tena kwa historia, maana hii stori haikuanza na kwodi. Hakuna chama wala mwanasiasa atakayetajwa.

2. Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1970 Honda walianza kuuza Marekani chombo cha magurudumu matatu manene, cha kupita kwenye tope, mchanga na theluji. Mwaka 1982 Suzuki wakaleta cha magurudumu manne. Wakulima wakakipenda, vijana wakakipenda zaidi, ajali zikawa nyingi. Mwaka 1988 serikali ya Marekani na watengenezaji wakakubaliana mahakamani: vile vya magurudumu matatu visiuzwe tena vikiwa vipya. Vya magurudumu manne vikabaki.

3. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wanasiasa hawaligusi. Kwodi nyingi za mashambani na za matembezi zina matairi ya upepo mdogo, na magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja bila difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje huzunguka haraka kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoruhusu hivyo. Kwodi isiyo na difu hutegemea gurudumu la ndani liteleze kidogo. Kwenye mchanga wa Galu litateleza. Kwenye lami linashika, chombo kinakataa kukata kona, na dereva mgeni anajikuta anaenda moja kwa moja. Kwa hivyo hata kabla ya sheria, chombo chenyewe kina mahali pake.

4. Sasa sheria. Neno la kwanza la kuelewa ni "barabara". Watu wengi wanadhani barabara ni lami, yaani ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga, au ile ya hotelini Diani. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ni pana kuliko hapo. Inahesabu barabara za umma, na pia njia nyingine ambazo magari yanaweza kupita na ambazo umma unafika, mpaka maegesho na vijia vya miguu. Kwa hivyo ile njia ya mchanga katikati ya minazi, ambayo mama anapita na ndoo na watoto wanapita kwenda shule, inaweza kuwa barabara mbele ya hakimu. Kusema "sisi hatuingii lami" hakumalizi kesi.

5. Ukishakuwa barabarani, masharti ni yale yale ya chombo chochote chenye injini: kisajiliwe, kiwe katika hali isiyohatarisha watu, na anayekiendesha awe na leseni inayohusika. Juu ya hapo kuna Sura ya 405, ile ya bima ya mtu wa tatu. Hiyo ndiyo inayomlinda yule ambaye hakukodi chombo, hakupanda, alikuwa anajipitia tu. Basi swali "kwodi ni halali?" limekaa vibaya. Swali lililokaa vizuri ni: kwodi HII ina usajili? Ina bima ya barabarani? Aliyeishika ana leseni?

6. Mbona basi kuna utata? Kwa sababu sheria zetu za barabara zilizaliwa enzi za mkoloni, kwa mtindo wa Uingereza, na Waingereza walizoea kuhesabu magurudumu. Sheria yao ya mwaka 1930 ilisema pikipiki ni chombo chenye magurudumu yasiyofika manne, na kisichozidi uzito fulani. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja kutakuja chombo chenye tandiko na usukani wa pikipiki lakini magurudumu ya gari. Ulaya baadaye ilibidi waandike kundi maalum la vyombo vidogo vya magurudumu manne. Huko kwodi iliyotengenezwa kwa viwango vya barabara husajiliwa na kuwekewa bima. Ya shambani inabaki shambani.

7. Lakini kutegemea sheria ikimbizane na gurudumu ni tabia yetu ya zamani. Turudi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Mjini kulikuwa na reli nyembamba za mitroli. Abiria, mara nyingi afisa au tajiri, anakaa kivulini juu ya kiti, na wanaume Waafrika wanamsukuma. Iliendelea hivyo mpaka miaka ya 1920. Kumbuka hiyo picha: barabara ni ya wote, lakini wengine wamekaa na wengine wanasukuma. Mjadala wa nani ana haki ya njia ulikuwepo kabla ya injini kuzoeleka huku.

8. Njoo kwa matatu. Jina lenyewe linatokana na nauli ya senti thelathini, vipande vitatu vya senti kumi. Zilianza kama teksi za kujificha, polisi wakiziwinda. Mwaka 1973 likatoka tamko la rais: ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya magari ya umma. Watu wakashangilia, na kwa haki, kwa sababu mwananchi wa kawaida alipata usafiri na kijana akapata kazi. Lakini ruhusa ilikuja bila masharti. Sheria ya kuzitambua na kuzikagua ilikuja mwaka 1984, miaka 11 baadaye. Mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano vikaja na kanuni za 2003, zilizoanza kuuma Februari 2004. Hesabu: miaka 30 kutoka ruhusa mpaka mkanda.

9. Boda boda ni stori ile ile. Ilianza kwa baiskeli mpakani Busia, kuvusha watu kutoka boda hadi boda. Kuelekea mwisho wa muongo wa 2000 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile chini ya 250cc, na nchi ikajaa pikipiki, Kwale ikiwemo. Mpaka 2012 ndipo Sheria ya Trafiki ikaongezwa kifungu cha helmeti, jaketi la riflekta na abiria mmoja tu. Katikati ya hapo, wodi za mifupa zilikuwa zishaanza kuzijua pikipiki kwa majina.

10. Tuktuk nayo ikaja Pwani, ikazoeleka, ikapewa nambari zake za KTW. Pikipiki zikapata zake za KM. Unaona mpangilio? Chombo kinaingia. Kinavumiliwa kwa sababu kinaleta kazi. Mwanasiasa anakikumbatia kwa sababu wenye kazi wana kura. Ajali zinapanda. Sheria inakuja, mara nyingi kwa hasira na kwa kamatakamata, na anayeumia wa kwanza ni yule kijana wa chini, wala si mwenye chombo.

11. Kwodi iko kwenye hatua ya pili ya mpangilio huo. Ila ina tofauti moja kubwa, na ndiyo inafanya hoja hii iwe chungu. Matatu, boda na tuktuk zinambeba mwananchi. Kwodi inambeba mgeni. Raha ni ya mmoja, na hatari inagawanywa kwa kijiji kizima. Ndiyo maana utasikia vijana wa boda wakiuliza kwenye mikutano: mbona mimi nasimamishwa kwa helmeti, na mzungu wa kifua wazi anapungiwa mkono? Swali la usawa mbele ya sheria halihitaji kumchukia mtalii. Kanuni ikishika mmoja na kuruka mwingine, inageuka kuwa ada ya kuwa maskini.

12. Tuwe wakweli kwa upande wa pili pia. Pwani ya Kusini inaishi kwa utalii. Hoteli ikikosa wageni, si mwenye hoteli peke yake anayelala njaa. Kuna muuza madafu, fundi, mwongoza wageni, dobi. Kijana anayeongoza msafara wa kwodi analipwa, na pesa inafika Msambweni kununua unga. Anayesema "pigeni marufuku zote kesho" aseme pia huyo kijana ataenda wapi keshokutwa. Na wapo wenye kampuni wanaotaka sheria iliyo wazi, kwa sababu aliyelipa bima anashindana bei na asiyelipa.

13. Sasa, nani wa kutunga utaratibu? Hapa ndipo porojo za kampeni zinashikika kirahisi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Trafiki ya barabarani kitaifa na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, na usajili na leseni ziko kwa NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Kaunti ina barabara za kaunti, trafiki na maegesho ya huko, na pia utalii wa ndani ya kaunti. Kwa hivyo mgombea wa kaunti akikuahidi "nitahalalisha kwodi", hana huo uwezo wa kusajili wala kutoa leseni. Akikwambia "hilo si letu, ni la Nairobi", naye anakukwepa. Kaunti inaweza kuweka leseni za biashara zenye masharti, kupanga njia maalum, saa za kupita, na mahali pa kuvuka lami.

14. Mfano, wa kubuni lakini unaowezekana leo jioni. Mama anatoka kununua samaki Gazi, anapita kijia cha kawaida. Kwodi inakosa kona, inamgonga, mguu unavunjika. Anapelekwa hospitali ya Msambweni. Kama chombo kimesajiliwa na kina bima ya mtu wa tatu, kuna njia ya kudai fidia. Kama hakina, mtalii ana ndege Jumapili, na mama ana harambee ya kijiji. Hiyo ndiyo tofauti kati ya karatasi na kukosa karatasi. Watu wakisema usajili ni urasimu, wakumbushe huyo mama.

15. Diani tayari tuna mfano wa busara. Mbega walikuwa wakigongwa na magari kwenye ile barabara ya hotelini. Tangu miaka ya 1990 wahifadhi wakawafungia madaraja ya kamba na ngazi juu ya lami, na wanayatumia. Hakuna aliyefunga barabara, hakuna aliyefukuza wageni. Walitazama mbega wanavuka wapi, wakajenga hapo. Kama tumeweza kumpangia mbega njia yake, kumpangia mtoto wa shule hakuwezi kuwa kazi ngumu.

16. Kwa hivyo mgombea akija, wa cheo chochote, usimuulize "unaunga mkono kwodi?" Hilo analipenda, atajibu kulingana na walio mbele yake. Muulize haya manne:
Njia za kwodi zitapita wapi, na wanakijiji walikaa kikao gani?
Leseni ya biashara itadai bima inayomlipa mpita njia?
Nani atakagua, na mara ngapi?
Ada itakayokusanywa, ngapi itarudi kwenye kijiji kinachokula vumbi?

17. Matatu ilitugharimu miaka 30 kati ya ruhusa na mkanda. Tukijua hilo, hatuna sababu ya kurudia na kwodi. Kama uko Kinondo, Tiwi, Mwabungo au Shimoni, andika hapo chini njia gani kwenu ni ya hatari zaidi na saa ngapi. Hayo ndiyo ya kupeleka kwenye vikao vya ushiriki wa umma, na tuende nayo tukiwa wengi.