Amri Iliyofutwa: Historia ya Kutenganisha Hifadhidata na Programu za Wavuti

Mwezi Desemba 2015 ilitoka PHP 7, toleo jipya la lugha iliyokuwa ikiendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani. Wengi walilisifu toleo hilo kwa kasi yake. Lakini kulikuwa na amri ambazo hazikuwemo tena ndani yake: zile zote zilizoanza kwa mysql_, na iliyojulikana kuliko zote ni mysql_query. Hiyo ndiyo amri aliyofundishwa kila anayeanza: iandike katikati ya ukurasa, nayo itakuletea data kutoka kwenye hifadhidata. Tovuti iliyohamishiwa kwenye seva mpya bila kurekebishwa ilikwama palepale ilipoifikia.

Hakuna aliyeviziwa, maana onyo lilitolewa mwaka 2013 katika toleo la 5.5. Kinachonivutia mimi ni tofauti ya hasara. Mwenye tovuti ya kurasa 80 aliyeandika amri hiyo katika kila ukurasa alikuwa na kurasa 80 za kufungua, kusoma na kurekebisha. Aliyeziweka amri zote za hifadhidata katika faili moja alifungua faili moja. Kwa mgeni anayetembelea, tovuti hizo mbili zilifanana kabisa. Mwaka huo wa 2015 hoja iliyowatenganisha watu hawa wawili ilikuwa imetimiza miaka 45.

Katika miaka ya 1960 data haikuwa na makao yake yenyewe. Charles Bachman, alipokuwa General Electric, alibuni mfumo ulioitwa IDS, ambamo rekodi ziliunganishwa kwa viungo, na programu ilipita kutoka rekodi hadi rekodi ikitafuta inachotaka. Alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1973, alimfananisha mwandishi wa programu na mwongoza chombo baharini. Ni mfano mzuri, ila unaficha gharama: mwongoza chombo lazima aijue njia, na njia ikibadilika anapotea.

IBM nayo ilikuwa na IMS, iliyoanza kutumika mwaka 1968 katika mradi wa Apollo ili kuweka orodha ya vipuri vya roketi ya Saturn V. Data yake ilipangwa kama mti: roketi ni shina, sehemu zake ni matawi, na vipuri ni majani. Ukiuliza sehemu fulani ina vipuri gani, mti unakujibu upesi. Ukiuliza kipuri fulani kinatumika wapi na wapi, unaupanda mti kwa upande usio na ngazi. Tena kila programu ilijua umbo la mti huo. Siku mti ulipopangwa upya, programu zote zilizozoea matawi ya zamani zililazimika kuandikwa upya.

Aliyekasirishwa na jambo hili alikuwa Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa jeshi la anga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa mtafiti wa IBM huko San Jose, California. Juni 1970 alichapisha makala fupi, kurasa 11 tu. Wengi huikumbuka kwa sababu ya majedwali, lakini anachoanza nacho ni kumtetea mtumiaji: watu wanaotumia hazina kubwa za data wasilazimike kujua jinsi data ilivyopangwa ndani ya mashine. Kisha akataja minyororo mitatu iliyozifunga programu za wakati ule. Ziliutegemea mpangilio wa rekodi, zilizitegemea faharasa, na ziliitegemea njia ya kuifikia data. Majedwali yalikuwa dawa ya ugonjwa huo.

Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wote wa IBM, waliandika lugha ya kuzungumza na majedwali hayo. Waliiita SEQUEL, jina likafupishwa kuwa SQL kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa la kampuni nyingine. Katika SQL unasema unachotaka, na njia ya kukipata unaiachia mashine. IBM yenyewe haikufanya haraka kuiuza, maana IMS ilikuwa na soko zuri. Kampuni ambayo baadaye iliitwa Oracle iliitangulia mwaka 1979. Codd alipata Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Nusu ya pili ya hoja hii, kwa maoni yangu, ilitoka kwa mtu ambaye hakushughulikia hifadhidata. Mwaka 1972 David Parnas aliuliza swali linaloonekana dogo: programu igawanywe wapi? Mazoea yalikuwa kuigawa kwa kufuata hatua, yaani kusoma, kupanga, kuchapisha. Parnas alionyesha kwamba ni afadhali kuigawa kwa kufuata maamuzi yanayoweza kubadilika, na kila sehemu ifiche uamuzi mmoja. Namna data inavyohifadhiwa ni uamuzi wa aina hiyo. Codd aliitenga data na programu. Parnas alieleza ukuta ujengwe wapi ndani ya programu yenyewe.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, basi, hoja ilikuwa imekamilika vitabuni. Kilichofuata kinanishangaza mpaka leo: wavuti ulipokuja, ukuta ulibomolewa, na waliobomoa hawakujua kwamba ulikuwapo.

Rasmus Lerdorf, aliyezaliwa Greenland, hakuwa na nia ya kubuni lugha. Alitaka kujua ni watu wangapi wanaosoma wasifu wake kwenye wavuti, na vifaa alivyojiundia akavitoa kwa umma mwaka 1995 kwa jina la PHP. Mwaka huohuo ilitokea MySQL kutoka Sweden. Zote mbili zilipatikana bure, nazo zilioana. Ukurasa mmoja ulibeba maandishi, rangi, fomu, ukaguzi wa nywila na SQL, vyote pamoja. Mtu aliyeanza asubuhi angeweza kuwa na tovuti hai jioni, na sitaki kuidharau furaha hiyo, kwa kuwa hata mimi niliingia kwa mlango huo. Niliweka XAMPP kwenye kompyuta ya kuazima, nikaandika ukurasa mmoja mrefu kama mkeka, ukafanya kazi.

Ubaya wa mkeka ule ulijionyesha kwa njia ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuieleza vizuri. Chukua neno ng'ombe. Ukiliingiza katika fomu ambayo maandishi yake yanabandikwa moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, ile alama baada ya ng inafunga maandishi kabla ya wakati, na herufi zinazobaki zinasomwa kama amri. Ukurasa unakataa. Mfugaji ameandika Kiswahili sanifu, kumbe ameivunja hifadhidata. Mtu mwenye nia mbaya hutumia ufa huohuo kuingiza amri zake, jambo ambalo Jeff Forristal alilieleza hadharani mwaka 1998 katika jarida la Phrack. Dawa ilijulikana: maandishi ya mtumiaji yapelekwe kando, yasichanganywe na sentensi ya SQL. Lakini dawa hiyo utaipaka wapi, ikiwa SQL imetapakaa katika kurasa 80?

Mwaka 2002 Martin Fowler alikusanya katika kitabu njia zilizokuwa zikitumiwa kujenga upya ukuta huo. Mbili kati yake ndizo zinazotuhusu. Katika ya kwanza, kitu kinachobeba data kinajua pia jinsi ya kujihifadhi katika jedwali. Katika ya pili, kitu hakijui lolote, na kazi ya kuhifadhi inafanywa na mwingine anayesimama katikati. Ya kwanza ni nyepesi zaidi, nayo ndiyo iliyoshinda. Rails, iliyotolewa mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmark, ilisimama juu yake. Django, iliyozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence huko Kansas na kutolewa kwa umma mwaka 2005, ilifuata njia inayofanana. Hizi ni fremuweki, yaani viunzi ambavyo tayari vina nguzo na kenchi, wewe unaezeka tu. SQL iliondoka kwenye kurasa, na hilo lilikuwa jambo jema. Ila sasa data ilifungwa kwenye kiunzi badala ya ukurasa.

Flask, iliyoanza kama mzaha wa siku ya wajinga mwaka 2010, haina sehemu ya hifadhidata ndani yake. Mwandishi wake, Armin Ronacher, alikuachia uchague mwenyewe. Wengi huchagua SQLAlchemy, kazi ya Mike Bayer iliyotoka mwaka 2006, ambayo inaweza kujitegemea bila tovuti yoyote. Lakini mafunzo mengi ya wanaoanza huziunganisha kwa kifurushi kingine kilicho katikati, na hapo majedwali yako yanatangazwa kupitia programu ya wavuti. Hapo ndipo nilipokwama mimi.

Nilikuwa nimeandikia chama cha wafugaji cha kwetu, kusini-magharibi mwa Uganda, tovuti ndogo ya kurekodi maziwa: mwanachama, tarehe, lita. Baadaye wakaomba kila mwanachama apate jumla yake kwa ujumbe wa simu kila jioni. Niliandika programu fupi ya kuendeshwa saa mbili usiku. Ikakataa, ikisema inafanya kazi nje ya muktadha wa programu ya wavuti. Maana yake ni kwamba lita za maziwa hazikuweza kuhesabiwa mpaka tovuti iwe imewashwa.

Kuna mistari miwili ya kuongeza inayoiwasha tovuti kwa muda. Niliiongeza, nikasahau. Miezi kadhaa baadaye nilibadilisha kifurushi cha kuingilia kwa nywila, kitu kisichohusiana na maziwa hata kidogo, nikakosea mahali. Usiku huo tovuti haikuwaka, na ujumbe haukwenda. Mama yangu ni mwanachama. Alinipigia akauliza kwa upole kama lita zake za asubuhi zimepotea, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa karibu na alikuwa amezipangia karo ya mdogo wangu. Nilimwambia, "Hapana, mama, zipo." Zilikuwepo kweli, kwenye jedwali, zimetulia. Kilichokufa ni mlango wa nywila, ambao hesabu ya maziwa haikuwa na sababu ya kupitia.

Ndipo nikamsoma Codd kwa makini, na Parnas baada yake. Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Niliunda faili moja linalotumia SQLAlchemy peke yake, lisilotaja Flask hata mara moja. Ndani yake kuna maelezo ya majedwali, namna ya kuunganika na hifadhidata, na amri tisa zenye majina ambayo karani wa chama angeyaelewa: sajili mwanachama, ingiza maziwa, jumla ya mwezi, na kadhalika. Tovuti inaliita faili hilo. Programu ya usiku inaliita. Jaribio ninaloliendesha kwenye kompyuta yangu, kwa hifadhidata ya bandia yenye ng'ombe wa kubuni, linaliita pia. Sidai kwamba kila ukurasa wa majaribio unahitaji ukuta kama huu. Daftari la mtu mmoja linaweza kubaki mkeka.

Mwaka huu chama kimeomba karani aingize lita kwa simu ya kitochi, bila intaneti, pale kwenye pipa la kupokelea maziwa. Huo utakuwa mlango wa tatu, na nimeanza kuuandika. Faili la maziwa bado lina amri zilezile tisa.