Nyama ya kukausha: kwa nini jua la Mombasa peke yake halitoshi

Idd ya kuchinja ikifika, nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe hupata kwa siku moja nyama ambayo kwa kawaida hawaioni kwa mwezi. Friji hakuna, au ipo na imejaa, na stima nayo ina siku zake. Wengine hugawa tena, wengine hupika mpaka watoto wakaona nyama wakageuza uso. Na wako wanaoianika. Makala hii ni ya hao wanaoianika, kwa sababu naona wengi wanaifanya kwa njia inayoweza kuwalaza hospitali nyumba nzima.

Kukausha nyama si jambo la kigeni kwetu. Zile siku tatu baada ya Idd, yaani mwezi 11, 12 na 13 Mfungo Tatu, zinaitwa siku za Tashriiq, na maelezo mashuhuri ya jina hilo ni kwamba watu walikuwa wakikata nyama ya kuchinja vipande virefu wakaianika juani. Ila jua lile ni la Hijazi, nchi kavu. Sisi tuko kando ya bahari, na miaka hii Idd inatuangukia pabaya: 2024 ilikuwa katikati ya Juni, 2025 mwanzo wa Juni, 2026 mwisho wa Mei. Hiyo ndiyo masika na kusi, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa.

Kipimo changu ni kopo la chumvi jikoni. Chumvi ikiwa imeloa na kushikana, hewa imejaa maji, na nyama utakayoianika nje haitakauka: itakaa vuguvugu mchana kutwa, na vuguvugu ndiyo hali ambayo vijidudu wanaipenda kuliko zote.

Utaulizwa: mbona papa tunamuanika na hatufi? Papa na samaki wa ng'onda hushindiliwa chumvi nyingi mno, ndiyo maana huwezi kumpika bila kumroweka kwanza. Chumvi ile ndiyo inayomlinda, jua linamalizia tu. Nyama ya ng'ombe tunaipaka chumvi ya kuonja, kisha tunalitegemea jua lifanye kazi yote.

Wamarekani nao wana nyama yao kavu wanayoiita jerky, neno lililotoka kwa watu wa milima ya Andes huko Amerika Kusini. Mwaka 1995 katika jimbo la Oregon watu 11 waliugua kutokana na nyama ya paa iliyokaushwa nyumbani. Walikuwa na mashine ya kukaushia, si jua. Kosa lilikuwa joto: mashine ilikuwa chini ya nyuzi 60, na kijidudu cha E. coli kilistahimili. Nyama mbichi inapotoa maji hujipoza yenyewe, kama mwili unavyopozwa na jasho, kwa hiyo hewa ya moto inayoizunguka haimaanishi kuwa ndani mna moto. Na vijidudu wakishakaukia mle pamoja na nyama wanakuwa wagumu zaidi kuuawa na joto la baadaye. Tangu hapo ushauri wa kule umekuwa huu: nyama ipate nyuzi 71 kwanza, kuku 74, ndipo ikaushwe. Moto kwanza, kukausha baadaye. Kama utakumbuka jambo moja, kumbuka hilo.

Nyumbani hapa Mtongwe tunafanya hivi. Nunua mnofu wa paja usio na mafuta, kwenye bucha ambako muhuri wa mkaguzi unaonekana. Mafuta yote yatolewe, maana mafuta hayakauki, yanachacha, na kipande kimoja kinatia harufu kopo zima. Iweke nyama kwenye friza saa moja au mbili ishikane kidogo, au mwombe muuza bucha mwenye kisu kizuri, kisha kata vipande vyembamba, unene usiozidi nusu sentimita. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kipande kinene hukauka nje kikafanya gamba, ndani kikabaki kibichi. Kwa kilo moja weka chumvi gramu 20, kama vijiko vitatu vya chai, siki au ndimu, kitunguu thomu, pilipili manga, na bizari ukipenda. Iache usiku mmoja kwenye friji, si juu ya meza.

Asubuhi mimina kila kitu kwenye sufuria pamoja na maji kidogo, kichemke sawasawa dakika tano, nyama igeuke rangi mpaka ndani. Chuja. Sasa ndio uikaushe: kwenye oveni ya moto mdogo mlango ukiwa wazi kidogo, au kwenye waya juu ya jiko la makaa yaliyofunikwa majivu. Jua litumie wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kuanzia saa nne hadi saa kumi, chini ya chandarua, na uingize ndani kabla umande haujashuka. Kipande kilichokauka ukikikunja hupasuka nyuzi bila kukatika pande mbili, na hakitoi unyevu ukikiminya. Usishangae kilo moja ikibaki gramu 350 au 400. Nyama kwa sehemu kubwa ni maji.

Lakini kwa hali yetu ya hewa mimi huona njia ya jirani zetu wa kaskazini ni bora: nyirinyiri. Wasomali huiita muqmad au oodkac. Nyama ya ng'ombe au ngamia huanikwa kidogo tu, hukatwa vidogo kama kucha ya kidole gumba, kisha hukaangwa kwa mafuta au samli, moto wa wastani, mpaka iwe nyeusi na ngumu. Mafuta ya moto yanazidi nyuzi 100, kwa hiyo hatuhangaiki na kipimo. Alama ya kuiva ni povu: maadamu mafuta yanachemka mapovu kando ya nyama, maji bado yamo. Yakitulia, epua. Usiifupishe hatua hii, kwa sababu nyama itakaa chini ya samli pasipo hewa, na kuna kijidudu kinachotoa sumu kali hasa mahali pasipo hewa penye unyevu. Hiliki na thomu hutiwa mwishoni.

Nyama ya porini? Huulizwa sana, hasa na wenye jamaa upande wa Kwale na Kilifi. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamshika hata anayekutwa na nyama tu, iwe mbichi au kavu. Paa nunga wa Arabuko-Sokoke wamebaki wachache. Zaidi ya hayo, nyama hiyo haijakaguliwa na mtu. Kukausha hakuui mbegu za kimeta, na mwaka 2006 na 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipopiga Garissa na Tana River, kushika na kuchinja mnyama mgonjwa kulikuwa njia mojawapo ya kuambukizwa. Ukiuziwa mfuko wa nyama kavu kando ya barabara bila kujua ni ya mnyama gani, uache.

Weka kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, na uifungue siku ya pili: ukiona jasho kwenye kioo, irudishe motoni. Nyama kavu ya vipande niile ndani ya wiki mbili nje ya friji, au niiweke kwenye friza. Nyirinyiri iliyofunikwa samli hukaa miezi, ilimradi kijiko kinachoingia ni kikavu. Asubuhi na anjera na chai ya maziwa, kijiko kimoja kwa mtu kinatosha.