Mkwaruzo Redioni: Taa za Gareji na Swali la Nani Alipie Ukimya

Wasomaji wangu, leo tuache kidogo mambo ya programu na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu mkwaruzo, ule mvumo wa "zzzzz" unaoingia redioni mtu akiwasha taa ndefu za tyubu gerejini, ukameza sauti yote ya mtangazaji. Wengi wetu tukiusikia tunailaumu redio. Historia inasema vingine: mara nyingi redio ni shahidi tu, si mshtakiwa. Na jambo ambalo mafundi, viwanda na serikali wamevutana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja si la kiufundi peke yake. Ni hili: kifaa changu kikimzuia jirani kusikia, nani anapaswa kulipia ukimya?

Tuanze mwanzo kabisa. Heinrich Hertz wa Ujerumani alipothibitisha, kati ya mwaka 1887 na 1888, kwamba mawimbi ya redio yapo, alitumia cheche. Umeme uliruka nafasi ndogo kati ya vyuma viwili, na cheche nyingine hafifu ikaonekana kwenye pete ya waya iliyokuwa mbali kidogo. Hapakuwa na muziki wala sauti ya mtu. Mwaka 1895 Alexander Popov wa Urusi naye alionyesha chombo kilichonasa mawimbi ya radi kutoka mbali. Yaani redio ilizaliwa ikiwa chombo cha kusikilizia kelele!

Mitambo ya mwanzo ya Marconi nayo ilituma alama za Morse kwa cheche. Ubaya wa cheche ni kwamba haikai mahali pake. Inamwagika kwenye masafa mengi kwa pamoja, kama abiria anayeongea na simu ndani ya matatu: anayemjibu ni mmoja, wanaosikia ni wote. Meli zilipokuwa chache hakuna aliyejali. Zilipoongezeka, zikaanza kuzibana sauti. Baada ya Titanic kuzama mwezi wa Aprili 1912, Marekani ilipitisha sheria ya redio mwezi wa Agosti mwaka huo huo, ikadai leseni na kugawa masafa. Mkutano wa kimataifa wa Washington wa mwaka 1927 ukaanza kuifungia njia mitambo ya cheche. Hapo ndipo dunia ilipokubali kwamba hewa ni kama kisima cha kijiji, na anayechota hana ruhusa ya kukichafua.

Lakini sheria hizo ziliwalenga watu wanaotuma mawimbi kwa makusudi. Vipi kuhusu wanaoyatuma bila kujua? Miaka ya 1920 redio ziliingia majumbani (hapa kwetu matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928), na wakati huo huo nyumba na miji ilikuwa ikijaa mota, swichi, tramu na mashine za kila aina. Kila mahali umeme unapokatika na kuunganika ghafla panatokea cheche, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio kisicho na leseni.

Ni kweli pia kwamba kuna kelele zisizo na mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Karl Jansky wa maabara ya Bell, New Jersey, alipewa kazi ya kutafuta kelele zinazosumbua simu za redio za kuvuka bahari. Alijenga antena kubwa inayozunguka, akasikiliza katika megahezi 20.5. Akapata aina tatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo fulani mtulivu usiokoma. Mvumo ule ulirudi mahali pale pale kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambao ni mwendo wa nyota, si wa jua. Mwaka 1933 akatangaza kwamba unatoka katika kundi letu la nyota, Njia Nyeupe yenyewe. Hiyo huwezi kumpelekea mtu bili. Lakini kelele ya mota ya jirani ina mwenyewe, na anajulikana anapoishi.

Basi zikatokea njia mbili za kutibu. Ya kwanza ni kutibu sikio. Edwin Armstrong wa Marekani aliona kwamba mkwaruzo hubadilisha zaidi kimo cha wimbi, na redio za AM huweka sauti kwenye kimo hicho hicho. Akaamua kuiweka sauti kwenye mabadiliko ya masafa, halafu redio ikate vilele vya wimbi pamoja na mkwaruzo wake. Hiyo ndiyo FM. Alipewa hataza zake mwezi wa Desemba 1933, na mwaka 1935 akawaonyesha wahandisi wenzake New York. Ukimya wake uliwashangaza. Lakini FM ina mpaka: mawimbi yake husafiri karibu sawasawa na macho yanavyoona, kwa hivyo mlima ukikaa katikati, kwaheri. Mawimbi ya kati na mafupi huenda mbali zaidi, na usiku huvuka nchi.

Njia ya pili ni kutibu mdomo, yaani chanzo chenyewe. Mwaka 1934 wataalamu walikutana Paris na kuanza kamati ya kimataifa inayojulikana kwa herufi za Kifaransa, CISPR. Kazi yake ilikuwa kukubaliana jinsi ya kupima kelele za redio na kiasi gani kivumiliwe. Wazo lake ni rahisi: ni nafuu kumziba mpiga kelele mmoja kuliko kuwanunulia wasikilizaji elfu moja masikio mapya.

Miaka minne tu baadaye, mwaka 1938, taa za tyubu zikaanza kuuzwa Marekani, na mwaka 1939 zikang'arisha maonyesho makubwa ya New York. Ndani ya tyubu mna mvuke wa zebaki, na umeme hupita humo kama radi iliyofugwa. Kwa umeme wetu wa hezi 50, radi hiyo huzimika na kuwaka tena mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, redio inasikia. Kelele hufika redioni kwa njia tatu: moja kwa moja kutoka kwenye tyubu ikiwa karibu, kutoka kwenye nyaya za ukutani zinazogeuka antena, na kwa kupitia waya wa umeme mpaka ndani ya redio iliyochomekwa.

Mafundi wa zamani walilijua hilo. Chukua staata ya taa ya choki, kile kikopo kidogo unachokizungusha kukitoa. Ndani yake utakuta vitu viwili: kibalbu kidogo cha kioo chenye swichi, na kapasita ndogo kama punje. Kibalbu ndicho kinachosaidia taa kuwaka. Kapasita ile kazi yake kubwa ni kupunguza mkwaruzo. Kwa miaka mingi, katika kikopo cha shilingi chache, mtu alimkumbuka msikilizaji asiyemjua. Mimi naona hiyo ni heshima kubwa.

Kisha choki nzito zikaanza kuachia nafasi balasti za elektroniki. Hizi hukatakata umeme mara elfu nyingi kwa sekunde, kwa kawaida kati ya elfu 20 na elfu 60. Faida ni nyingi: taa haipepesi, haivumi, inakula umeme kidogo. Lakini kukatakata huko ni kutengeneza mawimbi, na ndiyo maana balasti ya kweli huwa na chujio mlangoni, yaani koili na kapasita za kuyazuia yasirudi kwenye nyaya za nyumba.

Sasa nifike nyumbani. Babu yangu ana redio ya transista ya mawimbi ya kati na mafupi, aliyoinunua zamani kwa pesa za kahawa. Kiti chake cha kusikilizia kiko gerejini, kando ya meza ya vyuma. Baada ya taa nne mpya za tyubu kufungwa humo, redio ikawa mkwaruzo mtupu kila jioni. Mafundi wawili walikwisha kutoa hukumu: redio imekwisha, nunua nyingine. Babu akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe umesomea mashine. Hawa wanaizika redio yangu ikiwa hai."

Nilifanya kama ninavyotafuta hitilafu kwenye programu: badilisha kitu kimoja, pima, andika. Redio ikiwa kwa betri, nje uwanjani, ilikuwa safi. Ndani na swichi kuu imezimwa, safi pia. Nikawasha taa moja baada ya nyingine, na kila moja ikaongeza mvumo. Redio ilipozungushwa taratibu mezani, kelele ilipanda na kushuka, kwa sababu antena ya ndani ni kijiti cha feraiti na kina upande kisichosikia vizuri. Basi kelele ilikuwa inaingia kwa hewa, na chujio kwenye waya wa redio lisingesaidia chochote.

Kisha nikachomeka kwenye kipakatalishi kile kipokezi kidogo cha redio kinachofanya kazi kwa programu. Kwenye skrini zikajitokeza nguzo zilizopangwa kama meno ya kitana, moja kila baada ya kilohezi 45 hivi: 540, 585, 630, 675, na kuendelea. Hizo ni hesabu tu. Balasti inakata kwa 45, halafu mara 12, mara 13, mara 14, inakanyaga mawimbi ya kati yote.

Tukamwita fundi wa umeme, tukazima swichi kuu, akafungua. (Tafadhali usijaribu peke yako, volti 240 hazina utani.) Kwenye ubao wa balasti palikuwa na matundu ya koili na kapasita za chujio, lakini vyenyewe havikuwepo. Mahali pa koili palipitishwa vipande vya waya! Aliyechora ubao alimkumbuka msikilizaji, aliyeuunda akamfuta ili aokoe senti. Na waya wa athi ulikuwa umekatwa juu ya dari, haukufika kwenye chuma cha taa.

Dawa ilikuwa ya kawaida. Balasti zenye chujio kamili zikawekwa, athi ikaunganishwa, waya wa kila taa ukazungushwa mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na taa, na kiti cha babu kikasogezwa mita tatu kutoka tyubu ya karibu. Nguzo zikayeyuka, zikabaki mbili hafifu ambazo sikio halizitambui. Redio haikuguswa hata skurubu moja. Lakini gharama ilizidi bei ya redio mpya ndogo, na aliyelipa si yule aliyeacha koili.

Hapo ndipo somo la 1934 linaponikaa kichwani. Kanuni za kelele za taa zipo mpaka leo, chini ya namba CISPR 15. Kanuni haisikii yenyewe, lazima mtu apime. Isipopimwa, gharama humshukia msikilizaji, tena mara nyingi bila yeye kujua, akaishia kutupa redio nzima.

Taa za tyubu zenyewe zinaaga. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, mikutano ya mwaka 2022 na 2023 ilikubaliana balbu za kubana matumizi zikome kufikia 2025 na tyubu ndefu kufikia 2027, na nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele kulidai hilo. Ni habari njema kwa maji na samaki wetu. Lakini taa za LED zinazochukua nafasi nazo zina kisanduku kinachokatakata umeme, na chujio lake linaweza kuachwa vile vile. Zebaki itaondoka, tamaa ya kuokoa senti itabaki.

Kwa hivyo ukienda kununua taa, beba redio ndogo ya betri, iweke kwenye AM, mwombe muuzaji aiwashe taa, kisha sikiliza. Ni kipimo cha dakika moja. Na mtu akikwambia redio yako imekufa, zima taa kwanza. Haya, tuonane tena hivi karibuni.