Bikari, Timazi na Mizungu



Mwaka huu vijana wetu wameniuliza zaidi ya mara moja juu ya Frimasoni: hao ni watu gani, na alama zao zina maana gani? Mmoja wao hapa London alikataa kazi ya ulinzi, na kazi aliihitaji, kwa kuwa juu ya mlango wa jengo pamechongwa bikari na skwea. Nimeona bora niandike machache ya tarikhi yao, ili anayewaogopa ajue anachokiogopa.

Asili ya alama hizo ni kazi ya uashi. Waashi wa zamani wa Uingereza walikuwa na vyama na kanuni zao. Baadaye wakaanza kuingizwa mabwana wasiowahi kushika mwiko. Elias Ashmole aliandika katika shajara yake kwamba yeye aliingizwa mjini Warrington mwaka 1646. Kwa masimulizi yao wenyewe, loji 4 za London ziliungana tarehe 24 Juni 1717 kuunda Loji Kuu. Jengo lao la sasa la Great Queen Street lilikamilika mwaka 1933, kuwakumbuka wenzao waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, na ndani yake mna makumbusho yanayopokea watu wote.

Vyombo vya uashi vikageuzwa mafunzo. Skwea ni mwenendo ulionyooka. Timazi ni kusimama wima katika haki. Pimamaji ni usawa wa watu. Bikari ni mpaka ambao mtu huwekea matamanio yake. Rula ya inchi 24 ni saa 24 za siku, zigawanywe baina ya ibada, kazi na kumsaidia mwenzio. Jiwe lisilochongwa ni mtu kabla ya kufundwa.

Anayeingizwa huondolewa fedha na kila kitu cha madini, hufungwa kitambaa machoni, hutiwa kamba shingoni, na kifua chake cha kushoto huachwa wazi. Kitambaa ni kiza cha ujinga. Kamba humwonya asirudi nyuma. Kisha huombwa sadaka, akajiona hana hata senti, ili aikumbuke saa hiyo siku atakapokutana na mwenziwe aliyefilisika. Zamani kiapo chao kilitaja adhabu za kutisha, kama kukatwa koo. Loji Kuu ya Uingereza iliziondoa katika kiapo mwaka 1986. Na siri yenyewe ilivuja zamani: mwaka 1730 Samuel Prichard alichapisha hapa London kitabu cha maswali na majibu ya loji, kikanunuliwa sana.

Sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Wazee wetu walikuwa na jando na unyago, ngariba na kungwi, na ile mizungu ambayo asiyechezwa hakuambiwa. Mwaka 1956 Hans Cory alitoa kitabu juu ya sanamu za udongo zilizotumika katika kuwafunda vijana huko Tanganyika. Sanamu ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ndio uliobeba mafunzo. Aliyeiona sanamu bila ya wimbo aliona udongo, au alidhani ni uchawi.

Jamaa zetu wa Marekani wana mfano mwingine. Huko Washriners, chama cha Wafrimasoni kilichoanzia New York katika miaka ya 1870, huvaa tarbushi jekundu na kuamkiana kwa salamu za Kiarabu. Babu zetu walivaa tarbushi hilo hilo kwenye maulidi na harusi. Kofia ni moja. Maana yake ni ya yule aliyeivaa.

Sisemi kwamba waliowapinga walipinga bure. Papa Clement XII aliwakataza Wakatoliki mwaka 1738, na baraza la ulamaa wa Makka likatoa fatwa dhidi yao mwaka 1978. Usiri ni miongoni mwa hoja za pande zote mbili: mtu ataapaje kuficha jambo asilolijua bado? Swali hilo ni zito, nami simshauri mtu kujiunga. Lakini ni swali la kiapo. Bikari juu ya mlango haimdhuru mlinzi aliyesimama chini yake.

Linalonitia khofu zaidi liko kwetu. Makungwi wetu wanapungua, na wajukuu waliozaliwa huku wataona kanga, tarbushi na ngoma bila ya kusikia maneno yake. Siri ikizikwa na mwenyewe, hubaki alama tupu, na alama tupu huzaa uzushi. Kwa hivyo naomba kila nyumba iwaulize bibi na babu, na wayaandike yale watakayoridhia yaandikwe, tuyatie katika kitabu cha mwakani.