Rangi za Baiskeli: Habari za Edward Saidi Tingatinga

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulia habari za picha ambazo wengi wenu mmepata kuziona: chui mwenye madoa, ndege wenye shingo ndefu, tembo mweusi juu ya ardhi nyekundu. Watu huziita picha za Tingatinga. Wako wanaodhani ya kuwa jina hilo latokana na ile mashine kubwa isukumayo udongo. Sivyo, ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, upande wa kusini, kwa wazee wakulima, wala hakupata masomo mengi. Kama vijana wengi wa nchi ile, alitoka kwao kutafuta kazi. Alikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam, akakaa pande za Msasani, Kinondoni. Huko alifanya kazi za namna nyingi, na mojawapo ilikuwa kutunza bustani ya Mzungu mmoja wa Oysterbay.

Hata mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na mwalimu, wala hakuwa na fedha za kununulia kitambaa na rangi za wachoraji wa Ulaya. Basi alitazama vitu vilivyokuwako mjini. Alitwaa hadibodi, yaani zile mbao nyembamba ambazo mafundi huzipigilia darini, akazikata mraba, sentimita 60 hivi kila upande. Rangi yake ilikuwa ile ile ya kupakia baiskeli.

Hapa twaomba mtusikilize vizuri, maana ndipo penye siri ya kazi yenyewe. Rangi ya baiskeli ni nzito, tena yang'aa. Ukiweka ya pili kabla ya kwanza kukauka, zote mbili huchafuka. Kwa hiyo mchoraji hana budi kupaka ubao mzima rangi moja kwanza, akangoja. Kisha aweke mnyama, akangoja tena. Mwisho ndipo atie madoa, macho na manyoya. Kwa sababu hiyo rangi zake hazififii moja ndani ya nyingine, bali kila moja husimama peke yake. Umaskini wa vifaa ndio uliozaa uzuri wake.

Picha hizo mkewe, Bibi Agatha Mataka, aliziuza nje ya Morogoro Stores, maduka ya Oysterbay, na wageni waliokaa karibu wakazinunua. Biashara ilipostawi, Tingatinga hakuificha kazi yake. Aliwaita jamaa zake, akawafundisha: Ajaba Abdallah, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu na Simon Mpata. Walijifunza kwa kutazama na kusaidia, kama mtoto ajifunzavyo kusuka ukili kando ya nyanya yake.

Ilikuwa bahati njema kwamba aliwafundisha mapema. Mwaka 1972 askari polisi waliokuwa wakiwafuatia wezi walimdhania kuwa mmoja wao, wakampiga risasi, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 40, na miaka ya kuchora kwake ilikuwa minne tu. Kama angaliificha kazi yake, ingalikwenda naye kaburini.

Wanafunzi wake waliendelea, nao wakawafundisha wengine. Simon Mpata alipeleka kazi hiyo mpaka Kenya. Mwaka 1990 wachoraji waliunda chama chao cha ushirika, na hata leo wachora pale pale Oysterbay. Wako wakosoaji wasemao kwamba hao waliofuata huiga tu. Maneno hayo yana kweli kidogo, kwani chui mmoja akichorwa mara elfu huchosha macho. Lakini twauliza, ni fundi gani wa jahazi au wa mlango aliyeanza bila kuiga?

Ninyi wanafunzi mtakaotaka kujaribu, tafuteni kipande cha hadibodi kilichobaki kwa seremala. Kipigeni msasa kidogo, mkipake rangi moja, mkiweke mahali pasipo vumbi mpaka kesho yake. Brashi ikiwa nene mno kwa madoa, njiti ya kiberiti yatosha.