Funguo za Petro na tarehe ya Pasaka

Kanuni ya Pasaka ni rahisi kuitamka: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye. Ndiyo maana wengi hudhani magomvi ya kale juu ya sikukuu hii yalikuwa ya hesabu tu. Sidhani. Tarehe ilifuata mamlaka. Hesabu iliitwa kutoa ushahidi. Chukua Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, karne ya 7. Mfalme Oswiu alifuata desturi ya watawa wa Kiayalandi wa kisiwa cha Iona. Mkewe Eanflæd, aliyelelewa Kent, alifuata ya Roma. Bede, mtawa aliyekamilisha historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731, anasimulia kwamba ilitokea mfalme amekwisha kumaliza Kwaresima na anakula Pasaka, huku malkia na watu wake wangali wamefunga, wakiadhimisha Jumapili ya Matawi. Mwaka 664 Oswiu aliitisha mkutano katika monasteri ya Whitby, kwa mama mkuu Hilda. Colman aliitetea Iona, Wilfrid akaitetea Roma. Hesabu zilitajwa, tena kwa kirefu, lakini mfalme alitaka kujua jambo moja: ni kweli Kristo alimpa Petro funguo za mbinguni? Pande zote mbili zikakiri. Basi, akasema, hatashindana na bawabu huyo, asije akafika mlangoni akakosa wa kumfungulia.

Mtu atasema jedwali la Iona, la miaka 84, lilikuwa na kasoro zaidi kuliko mzunguko wa miaka 19 uliotoka Aleksandria, kwa hiyo kilichoshinda ni usahihi. Usahihi ulishinda kwa sababu siku hiyo ulikuwa upande wa mwenye funguo. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliisahihisha kalenda, na tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na 15 Oktoba. Hesabu ya Roma ilikuwa bora waziwazi, lakini Uingereza, sasa ya Kiprotestanti, iliikataa hadi 1752. Waorthodoksi, karibu wote, bado huikokotoa Pasaka kwa kalenda ya kale ya Julius Caesar. Wale wa Kenya na Uganda wako chini ya Patriarki wa Aleksandria, na tarehe yao ni ya huko: mwaka 2024 majirani zao Wakatoliki na Waanglikana walisherehekea 31 Machi, wao 5 Mei.